Namna ya Kutembea Siku Tatu kwa Ajili ya Matiti Bila Kuyataja

Anza na fulana. Usianze na mgonjwa, usianze na muuguzi, wala usihangaike na ramani ya kisiwa. Watu wanaotembea kwa kundi bila fulana za kufanana ni watu wanaokwenda shamba, na kisiwani Mafia hao wamejaa tele, hakuna anayewapiga picha. Fulana iwe ya pinki, ile inayoonekana tangu boti haijatia nanga. Mgongoni zipangwe nembo za wadhamini kwa kufuata uzito wa michango yao. Mbele iandikwe kauli mbiu, ila neno "matiti" lisiwe kubwa, maana mgeni rasmi naye ataivaa na picha zitafika mpaka kwa mama mkwe wake. "Afya ya Mama" inatosha. Mwenye akili ataelewa. Asiyeelewa atadhani ni chanjo, nayo si haba.

Mwezi usikusumbue kichwa, ni Oktoba. Dunia nzima imeshakubaliana kwamba huo ndio mwezi wa saratani ya matiti, na kwa Mafia kuna faida ya ziada: masika yamepita zamani, kusi limelegea, na papa potwe wanaanza kuonekana mbele ya Kilindoni, kwa hiyo wadhamini watakuwa na sababu ya pili ya kuja, ambayo ukweli ni ya kwanza. Ukiandaa Aprili utapata matope, bahari iliyochafuka na udhuru wa kila rangi. Mwanamke atakayegusa uvimbe mwezi Februari aombwe kwa upole asubiri ratiba.

Urefu wa njia

Matembezi haya ya siku tatu tumeyaazima Marekani. Mwaka 1998 kampuni ya vipodozi ya Avon ilidhamini ya kwanza, kutoka Santa Barbara kwenda Malibu, California: maili 60, yaani kilomita 96 na ushei, na usiku watu wanalala kwenye mahema. Siku hizi yanayovuma zaidi ni ya taasisi ya Susan G. Komen, ambayo imezoea kumtaka kila mtembezi akusanye walau dola 2,300 ndipo aruhusiwe kukanyaga njia.

Sasa ziweke hizo kilomita 96 juu ya Mafia. Kisiwa chetu kikubwa, toka kusini mpaka Rasi Mkumbi kaskazini, kina urefu wa kilomita 50 hivi. Ukiingia na mwendo wa California, siku ya pili kabla ya adhuhuri njia imekwisha na mbele yako kuna Bahari ya Hindi. Utageuza au utaogelea.

Wapo watakaokwambia kutembea siku nyingi kwa ajili ya jambo ni ugeni wa Wazungu. Waambie hapana. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza, siku nane, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Na mgongoni hakuwa na nembo ya mtu.

Ufupi wa kisiwa pia usikutishe. Mafia ina namna yake ya kurefusha safari, nayo ni salamu.

Siku ya kwanza: Kilindoni hadi Utende

Hii ni kilomita 14 hivi, lami tupu, minazi kushoto na kulia. Mtu wa Mafia akienda nayo kwa baiskeli, na mkungu wa ndizi nyuma, hata hatoi jasho. Ninyi mtaondoka saa mbili na nusu asubuhi badala ya saa kumi na mbili, kwa sababu mgeni rasmi anakuja na ndege ndogo ya kutoka Dar es Salaam, na baada ya hotuba yake kutakuwa na hotuba ya kumshukuru kwa hotuba yake. Jua litakuwa limeshakaa sawasawa. Bodaboda watawafuata nyuma polepole, si kwa ubaya, ni watu wa biashara na wanajua hesabu: kundi la watu hamsini kutoka mjini, wenye viatu vipya, haliwezi kukosa wateja kumi kabla ya kijiji cha Kiegeani.

Malengelenge ya miguuni yana dawa. Vibaraza havina. Kila penye kivuli pana mtu mzima amekaa, na hamwezi kumpita mtu mzima kama mnavyopitana Kariakoo. Mtasimama, mtatoa shikamoo, mtapokea marahaba, mtaulizwa habari za huko mtokako, na mtajibu nzuri hata kama si nzuri. Kisha atatokea bibi mmoja, ametoka kusuka makuti, na mazungumzo yatakwenda hivi.

"Wanangu, kuna msiba?"

Swali la haki. Watu wengi, nguo moja, mwendo wa taratibu.

"Hapana bibi, tunatembea tu."

"Gari limewaharibikia?"

"Hapana bibi. Tunatembea kwa hiari."

Bibi ataweka kuti chini. Ataviangalia viatu vyenu, kimoja kimoja. "Mnalipwa?"

"Hapana bibi, sisi ndio tumelipa."

Hapo atawaita wajukuu waje washuhudie.

Sasa lazima mmoja wenu aeleze. Kwa kawaida huteuliwa kijana wa kiume wa idara ya masoko, kwa kuwa ndiye mwenye kipaza sauti. Atasema wanatembea kwa ajili ya saratani. Bibi atauliza saratani ya wapi. Kijana ataangalia minazi, ataangalia viatu, atasema, "Ya... kifuani, bibi."

"Kifua kikuu? Hicho dawa zake zipo zahanati. Bure."

Kundi zima litacheka isipokuwa bibi, ambaye amesema kweli tupu. Mwishowe dada mmoja wa nyuma, aliyekuwa hana kipaza sauti, atamsogelea na kumnong'oneza, na bibi atapiga makofi. "Ziwa! Si mseme ziwa? Mwenzetu wa nyumba ile pale alikuwa na tezi humo, haiumi, haiwashi, akaiacha. Ikaja ikatumbuka."

Ratiba inasema hapa mna dakika tano. Ratiba iliandikwa mjini. Mwongozo huu unakushauri umpe bibi kipeperushi na chupa ya maji, upige naye picha, kisha usonge mbele haraka, kwa sababu ukikaa atakuuliza swali ambalo kamati nzima haikulijadili katika vikao vyote vile: "Sasa huyo anayepima, ni mwanamke au mwanamume?"

Swali hilo lilishajibiwa nchini humu, na jibu halikuhitaji viatu. Mwaka 2005 Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, wakati huo kikiongozwa na Dk. Marina Njelekela, kilianzisha kampeni ya kuwapima wanawake matiti kwa wingi. Dar es Salaam walijitokeza kwa maelfu, kisha kampeni ikaenda mikoani. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba wanawake wetu wana aibu, hawaji, hawataki. Walikuja. Walichokuwa wamekosa ni daktari mwanamke, siku inayojulikana, na mahali ambapo ukisubiri hukai peke yako.

Lakini tunatembea, tusipoteze muda. Mtafika kizuizi cha Hifadhi ya Bahari, ambayo tangu 1995 inawalinda samaki wa upande huu wa kisiwa, na ambako wageni hulipa kiingilio. Mweka hazina atagundua kwamba kiingilio hakikuwemo kwenye bajeti. Itabidi kukata mahali. Watakata kwa muuguzi.

Siku ya pili: Chole, na mambo mengine ya lazima

Mnavuka kwa dau kutoka Utende kwenda kisiwa cha Chole. Mnawaona popo wakubwa wakining'inia mitini mchana kutwa, mnaona magofu, mnapiga picha. Wenye nguvu wataendelea kisiwa cha Juani kuona mji uliohamwa wa Kua. Wenye fedha watarudi Kilindoni kuogelea na papa potwe. Saratani itatajwa wakati wa chakula cha usiku, kabla ya muziki.

Viatu

Kandambili.

Siku ya tatu: Baleni, Kirongwe na kaskazini yote

Kufikia hapa nusu ya kundi iko juu ya bodaboda, na hakuna aibu, maana fulana inaonekana vizuri zaidi ukiwa juu. Waliobaki chini ni wale walimu wawili wa shule ya msingi waliojiunga pale Baleni bila kualikwa, kwa kuwa walikuwa wanakwenda huko huko. Kirongwe mtakunywa madafu. Mbele, huko Bweni, watoto watawafuata wakiimba. Mwisho wa njia pana mnara wa taa wa enzi za Wajerumani, na hapo patafanyika kilele: hundi ya mfano iliyochapwa kwenye bango, kubwa kumzidi anayeipokea. Hakikisha bahari iko nyuma. Hakikisha pia hakuna atakayeuliza hundi yenyewe itaingia kwenye akaunti ya nani.

Baadaye kila mtu atapewa cheti.

Njia ndefu, kwa wenye uwezo

Kuna watu, hasa wale wa mazoezi, watalalamika kwamba siku tatu hazitoshi na kisiwa ni kidogo. Kwao ipo njia nyingine. Haina kiingilio, haina fulana, na watu wa Mafia wameitumia miaka mingi bila kamati ya maandalizi.

Inaanzia nyumbani, tuseme Bweni. Hatua ya kwanza ni ya kutoka chumbani kwenda ukumbini, kumwambia mume kwamba kuna kitu. Wengi hukwama hapa, na si kwa kukosa pumzi. Kitu chenyewe hakiumi. Kitu kisichouma utakiombeaje nauli? Basi kwanza itajaribiwa habasoda, itasomwa dua, litanywewa kombe, shangazi atasema ni maziwa yaliyoganda tangu alipomwachisha yule mdogo. Miezi inapita hapo bila mtu kunyanyua mguu.

Hatua ya pili ni zahanati. Anayetazama akiwa na shaka ataandika rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, na hiyo ni bodaboda ya kulipa kwenda na kurudi. Kilindoni watatazama tena na kusema inahitajika kinyama kikapimwe, na kwa hilo ni kuvuka. Utasubiri boti ya Nyamisati, na boti husubiri maji, kwa hiyo utaamka usiku au utaondoka mchana, yatakavyo maji. Bara unashuka na begi na mtu wa kukusindikiza, maana peke yako huendi, na nauli sasa ni mbili. Basi linakwenda Bungu, linashika barabara ya Kilwa, linakuteremsha Mbagala Rangi Tatu. Kutoka hapo ni kwa binamu, ambaye ana vyumba viwili na watoto wanne na anakukaribisha kwa moyo mmoja.

Halafu Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani na yakawa taasisi kamili mwaka 1996. Kuna foleni, kuna vipimo, kuna kusubiri majibu, na majibu yakija kuna upasuaji au dawa za dripu au vyote viwili. Ikiwa ni mionzi, inapigwa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Huwezi kuja Jumatatu ukarudi Mafia Jumanne. Utakaa kwa binamu. Kila asubuhi daladala, kila jioni daladala, na mwani wako ufukweni unaoza pamoja na kamba zake, na simu ya nyumbani inauliza unarudi lini.

Katika njia hii hakuna meza ya maji kila kilomita tatu, hakuna ngoma wala cheti. Ndiyo maana wengi huchelewa kuianza. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wanne kati ya watano hugundulika ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne. Shirika la Afya Duniani limejiwekea shabaha kwamba tangu mtu aende hospitali mara ya kwanza mpaka ajue ana nini, zisipite siku 60. Jaribu kuzihesabu hizo siku 60 ukiwa Bweni, pamoja na maji kujaa na kupwa.

Hesabu

Tuchukue mfano tu. Fulana 100, kila moja shilingi 15,000: milioni moja na nusu. Hapo bado kofia, bango la hundi, muziki, na chakula cha mgeni rasmi na dereva wake. Nenda bandarini Kilindoni, uliza nauli ya boti, ugawanye mwenyewe uone wangevuka wangapi na wasindikizaji wao. Usitangaze jibu kwenye kundi la WhatsApp, utaonekana umetumwa.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Kampuni ya Dan Pallotta, iliyobuni na kuendesha yale matembezi ya Avon, ilifunga milango mwaka 2002 katikati ya mabishano makali kuhusu kiasi cha michango kilichoishia kwenye maandalizi. Pallotta alijitetea, na mpaka leo anajitetea, kwamba huwezi kuvuna fedha nyingi bila kutumia fedha. Sawa, kwa taifa la watu zaidi ya milioni mia tatu huenda ana hoja. Kwa wilaya iliyohesabiwa watu 46,438 katika sensa ya 2012, hoja hiyo inaishia getini.

Kwa wale wasiofuata mwongozo

Kuna kundi la wabishi watakaosoma haya yote na bado wakataka matembezi yafae kitu. Siwazuii. Ila wajue watafanya sherehe mbaya.

Kwanza wataharibu fulana. Badala yake watachapa kanga, doti moja moja, pinki kama lazima, na jina lake pale chini: KISICHOUMA KIPIMWE. Fulana ya matembezi ikirudi nyumbani inakuwa tambara la baiskeli. Kanga inakwenda harusini, inakwenda kisimani, inambeba mtoto, na kila anayeisoma lazima aulize kisichouma ni kipi. Mwenye kuvaa atalazimika kueleza, na ataeleza vizuri kumzidi kijana wa masoko.

Pili, wataondoka alfajiri na wataongozwa na muuguzi au daktari mwanamke. Yeye ndiye mgeni rasmi, na hotuba yake ni kuingia ndani ya nyumba na akina mama, pazia likishushwa. Atawaonyesha kwa mikono namna ya kujipapasa, siku chache baada ya hedhi kwisha, na kwa aliyekoma hedhi tarehe moja ya mwezi anayoichagua mwenyewe. Atawaambia cha kutafuta: uvimbe, hata usiouma, ndani ya titi au kwapani, chuchu iliyokuwa nje ikazama, ngozi inayobonyea vishimo vishimo, majimaji au damu inayotoka bila kunyonyesha, titi moja kubadilika umbo pasipo sababu. Atasema pia jambo ambalo vipeperushi hulificha chini kabisa, kwamba vivimbe vingi si saratani, na kwamba anayejua ni upi ni upi ni kipimo, si shangazi.

Wakati huo wanaume wasiachwe kwenye bodaboda. Waendewe kwenye kahawa, baada ya alasiri, bao likiwa limepamba moto. Waambiwe mambo mawili. La kwanza, mke akisema kuna kitu, nauli itoke wiki hiyo hiyo, isingoje msimu wa dagaa. La pili, na hapa kete zitasimama, kwamba nao wana matiti, na kwamba katika kila wagonjwa mia wa saratani hii, mmoja hivi anaweza kuwa mwanamume. Mzee mmoja atacheka sana. Mwingine atanyamaza, na huyo ndiye wa kumsindikiza nyumbani.

Tatu, njia yao haitapendeza kwenye ramani. Itakuwa ya vituko: siku nzima Kirongwe kwa kuwa wamekuja akina mama wengi, kijijini Kanga wamelala bila kupanga, visiwa vya Jibondo na Chole vimewekwa wiki inayofuata. Watarudi na daftari badala ya picha. Ndani ya daftari kuna majina ya waliokutwa na kitu, na mbele ya kila jina mambo matatu: anavuka lini, anavuka na nani, atafikia kwa nani Dar. Michango yote itagawanywa kwa kufuata daftari hilo, na mweka hazina atasoma mapato na matumizi barazani, kwa sauti, mbele ya mabibi walewale wa vibarazani.

Nne, na hili waandaaji wa mjini hulisahau kila mara, watauliza maji kabla ya kupanga lolote. Siku ya kwenda Chole muuguzi awe ufukweni Utende mapema na vifaa vyake kwenye mfuko usiopitisha maji, atangulie yeye kupanda dau, kisha akina mama, kisha kipaza sauti kama nafasi ipo.